Ndege Wageni wa Kigamboni na Ushahidi wa Mwenzetu

Ukurasa huu aghalabu huwa ni wa kuanika karafuu, kuchambua makonyo na habari za bei ya msimu. Mara hii tumeutoa kwa jambo jengine, nalo ni habari ya ndege. Twajua wako watakaouliza: karafuu za Pemba na ndege wa Kigamboni wapi na wapi? Twaomba msomaji atusubirie kidogo, kwani jambo lenyewe latuhusu, na tena ndani yake mna deni la chama kwa mwanachama wake.

Asili ya maneno haya ni barua. Mwezi wa Disemba uliopita mzee mmoja katika wanachama wetu alikwenda Dar es Salaam kumtazama binti yake aliyeolewa Kigamboni, ng'ambo ya bandari, upande wa Kibada. Akiwa huko alituandikia. Baada ya salamu na kuuliza hali za mashamba, alisema kwamba alasiri moja, baada ya mvua kubwa ya vuli, kumbikumbi walitoka ardhini kwa wingi, na mara mbingu ikajaa vipanga wadogo. Hawakuwa mmoja wala wawili, bali kwa kukisia kwake walizidi mia mbili, nao wote walikuwa na miguu myekundu. Walikula mpaka jua lilipokaribia kutua, kisha wakaondoka pamoja kuelekea kusini.

Barua ile ilisomwa katika mkutano wa Januari, na mzee mwenyewe alikwisha rudi, amekaa mstari wa mbele. Kicheko kikazuka. Mmoja alisema mwewe na kipanga hawaendi jeshi, kila mmoja huwinda peke yake, na hilo hata mtoto alijua. Mwengine akasema huenda aliona mbayuwayu, macho yamechoka. Mwengine akadai kuwa ndege wageni wakija kwa wingi ni ishara ya maradhi, na heri asingelileta habari zake. Kijana mmoja akauliza, kama kweli aliwaona, mbona hakumpiga mmoja kwa manati akamleta tukamtazama? Mwisho neno "uwongo" likatajwa, tena kwa sauti.

Mzee alisimama akasema: "Mimi nimechuma karafuu miaka arobaini na tano. Hamjapata kunirudishia gunia langu kwa kuwa limechanganywa makonyo. Leo mwaniambia nachanganya maneno?" Akakaa, wala hakusema tena mpaka mkutano ulipofungwa.

Halmashauri ikatuagiza sisi wa ofisi ya katibu tulichunguze jambo hili, tulete jawabu. Haya ndiyo tuliyoyapata.

TULIVYOMHOJI

Tulimwendea mzee nyumbani kwake. Hatukumwonyesha kitabu wala picha, kwa sababu mtu akionyeshwa picha kwanza, huenda akaieleza picha badala ya kile alichokiona. Tulimwuliza mambo madogo madogo. Ukubwa wake? Akasema, "Kama njiwa, mwanangu, lakini mwembamba, na mbawa ndefu zilizochongoka." Rangi? Akasema walikuwa wa namna mbili. Baadhi yao walikuwa wa kijivu cheusi, mfano wa jivu la mkaa, na chini ya mkia wana rangi ya kutu. Hao walipoinua bawa, chini yake mbele palikuwa peupe. Wengine walikuwa na kifua cheupe chenye alama nyeusi. Miguu? "Myekundu, kama pilipili inayoanza kuiva, na wote ni hivyo." Walikulaje? Akatuonyesha kwa mkono: kipanga humdaka kumbikumbi kwa kucha, akainamisha kichwa, akamla huku anaruka, bila ya kutua. Upepo? "Kaskazi."

Kisha tukaazima kwa mwalimu mmoja kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki cha Terry Stevenson na John Fanshawe, kilichotoka mwaka 2002. Tulipofika kwenye vipanga tukamkuta yule yule, dume na jike, hata ule weupe wa chini ya bawa. Alama hiyo ina maana kubwa, kwa sababu yuko kipanga mwengine wa miguu myekundu ambaye dume wake hana weupe huo. Mzee wetu hajapata kukifunua kitabu hicho, na hata angelikifunua kisingelimfaa kitu, maana kimeandikwa kwa Kiingereza naye hakisomi.

SAFARI YA KIPANGA HUYU

Ndege huyu huitwa kipanga wa Amur, kwa jina la mto ulio mpakani baina ya Urusi na China. Kwao ni kusini-mashariki ya Siberia na kaskazini ya China. Huko ndiko atagako na kulea. Uzito wake ni kama gramu 150, pungufu ya robo kilo ya karafuu kavu. Baridi ya kwao inapokaribia huondoka, akapita China mpaka kaskazini-mashariki ya Uhindi, akaikata nchi ya Uhindi, kisha akaingia bahari kuu. Mbele yake mna kiasi cha kilomita 3,000 za maji matupu, wala hana pa kutua. Huruka mchana na usiku, siku baada ya siku, naye husaidiwa na upepo wa kaskazi, ule ule uliokuwa ukiyaleta majahazi ya Uarabuni na Uhindi katika bandari zetu. Wako wataalamu waonao kuwa njiani hula kereng'ende, kwani kereng'ende nao huivuka bahari hiyo kwa makundi miezi ya Oktoba hadi Disemba. Akifika Afrika hushuka pole pole mpaka kusini ya bara hili, na mwezi wa Aprili au Mei hurudi kwao. Safari yote ya mwaka, kwenda na kurudi, ni kilomita zipatazo 20,000.

Mambo haya yamepimwa. Mwaka 2013 huko Nagaland, kaskazini-mashariki ya Uhindi, vipanga watatu walifungwa mgongoni vyombo vidogo vinavyotoa ishara kwa setilaiti, wakapewa majina ya Naga, Wokha na Pangti, na safari yao ikafuatwa mpaka Afrika. Mwaka mmoja kabla yake, yaani 2012, ilijulikana duniani kwamba katika jimbo hilo vipanga hawa walikuwa wakinaswa kwa nyavu, makumi ya maelfu kwa msimu mmoja, ili wauzwe nyama. Wazee wa vijiji wakakaa, wakakubaliana kuacha, na msimu wa 2013 nyavu hazikutegwa. Wakulima kama sisi, walio mbali nasi mno, waliamua jambo katika baraza yao, na ndege wanaopita kwao ndio wanaokuja kula kumbikumbi katika mashamba ya Afrika.

Ama lile neno kwamba kipanga haendi jeshi, lina sababu yake, walakini si la wote. Mwewe ashikaye vifaranga huwinda peke yake, kwa kuwa mawindo yake ni machache na mshirika humpunguzia. Kipanga wa Amur riziki yake ni wadudu. Kumbikumbi wakitoka huwa maelfu kwa maelfu, hapana sababu ya kugombana. Tena macho mengi huiona mvua na wadudu upesi kuliko macho mawili. Na kwa kuwa hufuata mvua, huweza kupita kila mwaka bila ya watu wa mahali fulani kuwaona. Mwaka huu mvua imenyesha hapa, watashuka hapa. Mwaka ujao imenyesha kwengine, watapita juu kwa juu. Hii ndiyo maana ndege wa kawaida katika safari yake huwa kioja machoni mwa mtu wa mahali pamoja.

TULIKWENDA WENYEWE

Mwezi wa Februari tulikuwa na shughuli za chama Dar es Salaam, basi tukapata nafasi ya kuvuka. Zamani njia kubwa ya kwenda Kigamboni ilikuwa pantoni ya Kivukoni. Pantoni bado iko, lakini tangu mwaka 2016 liko pia daraja la Kurasini, na gari hupita moja kwa moja. Tangu wakati huo nyumba zimeongezeka sana, na mashamba mengi yamekuwa viwanja.

Vipanga hatukuwaona, wala hatukutazamia kuwaona, maana msimu wao wa kupita pale ulikwisha. Tulichokitafuta ni shahidi wa pili. Karibu na nyumba ya binti wa mzee tulimkuta bibi mmoja akipalilia muhogo. Hatukumwambia habari ya vipanga. Tulimwamkia, tukauliza habari za mvua za vuli, na kama aliona lolote lisilo la kawaida. Akasema mvua zilikuwa nzuri, muhogo umeshika, kisha akasema: "Na wale vipanga wa kumbikumbi walikuja, wanangu. Wale wa miguu myekundu. Kuna miaka huja, kuna miaka hatuwaoni." Tukamwuliza walikuwa wangapi. Akacheka, akasema yeye alikuwa akiwakimbiza kuku wake ndani, hakuwa akihesabu. Lakini vifaranga wake hawakuguswa hata mmoja.

Tulipoaga tulimwambia kwamba huenda tukarudi vuli ijayo. Akajibu, "Mkija hapa hamtanikuta. Shamba limekwisha pimwa viwanja, nangoja kuvuna huu muhogo tu." Neno hili tumerudi nalo Pemba, nalo ndilo lililotufanya tuandike makala hii kwa urefu. Bibi yule ajua jambo ambalo hakuna daftari lolote lililoliandika. Muhogo ukisha kung'olewa naye akihama, atakayeuliza kama vipanga walikuwa wakishuka Kibada ataambiwa hapana, kwa sababu hapana shahidi.

SABABU ZA KUONEKANA NDEGE WAGENI

Ili wanachama wafahamu vizuri, tumezikusanya sababu nne zinazoweza kumleta ndege mgeni katika pwani ya Kigamboni, na hata kwetu.

Sababu ya kwanza ni majira ya kaskazi. Mbali na vipanga, wako ndege wa pwani watokao nchi za kaskazini. Sisi wenyewe, maji yalipotoka pale Mjimwema, tuliona kumi na wanne wa aina moja inayostahili kutajwa. Ni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya buluu na kijivu, na mdomo mweusi mnene kama kisu, na chakula chake kikubwa ni kaa. Huyu hutaga katika pwani na visiwa vya Bahari ya Shamu, Oman na Ghuba, na desturi yake haina mfano kwa ndege wenzake wa pwani: huchimba shimo refu mchangani akataga yai moja jeupe humo ndani, na joto la mchanga humsaidia kulitamia. Mtoto akisha kukua husafiri na wazazi wake mpaka kwetu, na hata huku hufuata nyuma akiomba chakula. Tulimwona mmoja wa namna hiyo, mkubwa sawa na mama yake, akimlilia kaa. Wanachama wenye jamaa zao Maskati wajue kwamba ndege huyu naye ana kwao kuwili.

Sababu ya pili ni majira ya kusi. Kati ya Mei na Oktoba huja ndege watokao Bukini. Mmoja wao ni wa jamaa ya kulastara, mfupi, apendaye madimbwi na mabonde yenye maji. Akiwa kwao wakati wa kutaga huwa mweupe pia, na mdomo wa buluu. Akija huku huwa na michirizi ya kahawia, na asiyetazama vizuri hudhani ni yule wa kawaida wa mabondeni. Huyu sasa amekuwa adimu, naye yumo katika orodha ya ndege walio hatarini duniani. Atakayemwona katika bonde la mpunga asimfukuze, bali atupashe habari.

Sababu ya tatu ni tufani. Katika bahari kuu, mashariki ya pwani ya Kimbiji, kipo kisiwa kidogo kitupu kiitwacho Fungu Kizimkazi. Juu yake hutaga maelfu ya ndege wa baharini ambao mtu wa nchi kavu huweza kuishi umri wake wote asiwaone. Upepo mkali ukivuma, ndege wa namna hii huweza kusukumwa mpaka ufukweni. Sisi wenye mikarafuu hatuhitaji kufundishwa nguvu za tufani. Ile ya Aprili 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, ndiyo sababu moja ya kisiwa chetu kuwa mbele katika zao hili. Na mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitukumbusha kwamba pwani hii haina ahadi ya salama. Baada ya upepo kama huo, anayekwenda pwani atazame vizuri.

Sababu ya nne ni binadamu mwenyewe, na hii ndiyo ya kuhadhari. Kunguru wa Kihindi, yule mwenye shingo ya kijivu anayejaa majalalani Unguja na Dar es Salaam, si wa nchi hizi. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale takataka za mji. Miaka ya 1940 ilipokaribia kwisha alikwisha fika Mombasa, na baadaye akaenea mwambao wote, kwani hupanda merikebu kama abiria. Huyu hula mayai na makinda ya ndege wengine, huiba vifaranga, na mahali alipozidi ndege wadogo hupungua. Serikali na watu wa hifadhi ya ndege, Unguja na Bara, wamempiga vita kwa mitego na sumu mara nyingi, na Kenya mwaka 2024 ilitangaza nia ya kuwaua milioni moja. Haya yote ni gharama ya jambo ambalo lilianza kwa ndege wachache. Kila mahali alipofika, palikuwa na siku ya kwanza alipoonekana yeye na mwenzake juu ya mnazi, akawa kioja. Lau mtu angeliandika siku hiyo na wenye kazi wakapata habari, wawili huondolewa kwa urahisi, laki haziondoki.

Kwa hiyo ndege mgeni huweza kuwa neema na huweza kuwa balaa, na katika hali zote mbili faida iko katika kumjua mapema.

NAMNA YA KUTOA USHAHIDI

Sisi tuliosoma chuoni twakumbuka katika Suratun-Naml habari ya hudihudi. Alikosekana katika hadhara ya ndege, kisha akaja na habari ya nchi ya Sabaa. Nabii Suleiman hakumwita mwongo, wala hakuipokea habari ile papo hapo. Alisema itatazamwa kama ni kweli, akamtuma na barua. Twaona hii ndiyo adabu ambayo mkutano wetu wa Januari ulikosa. Kucheka si kuchunguza, na kuamini kila kitu pia si kuchunguza.

Basi mwanachama akiona ndege asiyemjua, hapa au safarini, afanye hivi. Kwanza aandike siku ile ile, kabla hajasimulia watu, maana habari ikisha kusimuliwa mara tatu huongezeka. Pili aandike tarehe, saa, mahali, upepo, na kama ni pwani, maji yalikuwa yakijaa au yakitoka. Tatu aeleze ukubwa kwa kumlinganisha na ndege ajulikanaye na wote, kama vile chozi, njiwa, kuku au korongo. Nne aeleze mdomo, miguu, mkia, na chini ya bawa, na alichokuwa akikifanya. Tano aseme idadi, na aseme wazi kama alihesabu au alikisia. Sita aseme ni nani mwengine aliyeona. Mwenye simu ya kupiga picha apige, hata ikiwa picha ni mbaya. Mwisho, asimuue ndege wala asimtoe kiotani ili kuleta ushahidi. Vipanga watatu wa Nagaland walituambia mengi kwa kuwa hai kuliko maelfu waliokwisha pikwa.

Habari zikichambuliwa kama tunavyochambua karafuu, makonyo mbali na mpeta mbali, zitapelekwa kwa wanaozikusanya. Uko mradi wa Atlasi ya Ndege wa Tanzania, ulioanzishwa miaka ya 1980 na Neil na Liz Baker, unaoweka kumbukumbu za ndege mahali kwa mahali. Kumbukumbu za namna hiyo ndizo hutazamwa watu wakitaka kujua pwani ipi, msitu upi au bonde lipi lina kitu cha kuhifadhiwa.

Asidhani mtu kuwa kila kitu kimekwisha andikwa na wataalamu. Mwaka 1991 watafiti wa Kidenmaki waliokuwa katika msitu wa Udzungwa waliona ndani ya sufuria ya mchuzi miguu ya ndege wasiyoifahamu. Walipofuatilia walikuta ni kwale ambaye elimu ya dunia ilikuwa haina habari naye, tena jamaa zake wa karibu wako Asia. Waliokuwa wakimpika walimjua siku zote, lakini hakuna aliyewauliza. Na hapa kwetu, bundi mdogo wa Pemba, ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani, aliingizwa katika vitabu mwaka 1937 na Bwana Pakenham, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Unguja. Babu zetu walimsikia akilia usiku miaka mingapi kabla ya 1937? Yeye, na ninga wa Pemba, na chozi wa Pemba, na yule ndege mdogo wa manjano mwenye duara jeupe la jicho, wote wanne ni wa kisiwa hiki peke yake. Bundi huyu hukaa hata katika mikarafuu mikongwe. Anayeng'oa mikarafuu iliyochoka ili apande mipya asikilize kwanza usiku, na kama yumo, aibakishe michache.

JAWABU KWA MKUTANO

Maelezo haya tuliyasoma katika mkutano wa Machi. Tulisema kwamba kwa maoni ya ofisi habari ya mwenzetu ni ya kweli: imekubaliana na kitabu asichokisoma, na shahidi wa pili aliyeulizwa bila ya kudokezwa ameitaja alama ile ile ya miguu. Mwenyekiti akasema chama chamtaka radhi mzee kwa maneno ya Januari. Yule kijana wa manati ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama akaenda kumpa mkono, na aliyetaja uwongo akafuata.

Mzee aliombwa aseme. Alisema amesamehe, lakini ana sahihisho moja, na akataka liandikwe. "Katika barua nilisema wamezidi mia mbili," akasema. "Nilihesabu mpaka mia na arobaini, kisha wakachanganyika, nikakisia waliobaki. Andikeni hivyo, mwanangu: mia na arobaini kwa hesabu, na wengine kwa kukisia."

Tumeandika hivyo. Ndiyo maandishi ya kwanza katika daftari jipya lililowekwa ofisini, juu ya meza ya mizani, pamoja na kalamu yake. Kila mwanachama ana ruhusa ya kuliandika. Asiyejua kuandika aje aseme, nasi tutamwandikia kwa maneno yake mwenyewe.